Strigolaktoni katika Miche ya Mtama na Mahindi: Ishara Moja, Wapokezi Wawili

Makala haya yanaeleza jinsi strigolaktoni, kundi la kemikali asilia zinazoratibu ukuaji wa mimea, zinavyoathiri siku za mwanzo za miche ya mtama na mahindi, na kwa nini jambo hilo linawahusu watunga sera wa kilimo katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria.

Ndani ya mche, strigolaktoni ni homoni. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba huzuia machipukizi ya pembeni. Mche unapokosa fosfati, hutengeneza homoni hii kwa wingi zaidi, na sehemu yake hutolewa na mizizi. Huko udongoni, kama ilivyobainishwa mwaka 2005, huchochea kuvu wa mikoriza kutawanya nyuzi zao, wakaungana na mizizi na kuupatia mche fosfati.

Hata hivyo, ishara hiyo humfikia pia adui. Mbegu za kiduha (Striga hermonthica), ndogo mithili ya vumbi, hulala udongoni kwa miaka mingi. Zikiguswa na strigolaktoni huota, hujipachika kwenye mizizi na kunyonya maji na virutubisho kabla gugu halijachomoza juu ya ardhi. Mkulima anapoliona na kuling'oa, sehemu kubwa ya madhara imekwisha kutendeka. Kwa hiyo shamba lililochoka ndilo linalomwita adui kwa sauti kubwa zaidi.

Kuizima ishara hiyo kabisa kungeunyima mche mshirika wake. Utafiti wa mtama uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha njia nyingine: hitilafu katika jeni LGS1 hubadili strigolaktoni kuu ya mizizi kutoka 5-deoksistrigoli kuwa orobankoli, ambayo huamsha mbegu chache zaidi za kiduha. Nchini Kenya, kituo cha ICIPE kimeeneza kilimo cha kuchanganya nafaka na desmodiamu, jamii ya kunde ambayo mizizi yake huotesha kiduha kisha hukizuia kujipachika, huku ikiongeza naitrojeni udongoni.

Hoja inayojitokeza ni kwamba mbegu kinzani na rutuba ya udongo ni suala moja. Mpango unaogawa mbegu bora bila kushughulikia upungufu wa fosfati huiacha miche ikiendelea kumwita adui yuleyule.