Reli Ndogo Yenye Kuhifadhi Vijiji vya Zamani

Katika mwaka wa 1925 kijana mmoja wa Australia, Bwana Roye England, mpenzi wa magari ya moshi, alifika Uingereza. Katika Bonde la White Horse alihuzunika kuona nyumba za zamani zilizoezekwa kwa nyasi zikibomolewa au kugeuzwa sura. Hakuwa na uwezo wa kuzuia jambo hilo; akaazimu kuzihifadhi kwa mifano midogo, pamoja na reli ya wakati ule.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Kwanza nyumba yenyewe hupimwa na kupigwa picha. Kisha kila futi 1 hufanywa milimita 4, hata mtu wa futi 6 huwa milimita 24 tu. Kuta hukatwa katika karatasi nene, na matofali hupakwa rangi moja moja, kwa maana matofali ya kweli hayafanani. Treni nazo ni zile za miaka ya 1920 na 1930.

Mwaka wa 1954 alianzisha jumba la makumbusho la Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham. Alifariki mwaka wa 1995, lakini wengine wanaiendeleza kazi yake. Hivyo mambo ambayo wazee waliyaona kwa macho, wajukuu nao huyaona.