Je, wajua? Chuma kilivyoishinda boriti

Katika nyumba za mawe za zamani hapa pwani, upana wa chumba uliamuliwa na mti. Fundi alisimamisha kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, kisha akalaza juu yake boriti za mikoko, kama zile za Gazi na Vanga. Boriti nzuri iliyonyooka mara nyingi haizidi mita 3 hivi. Basi hata tajiri alilala kwenye chumba kirefu lakini chembamba kama ujia.

Sultani Barghash bin Said wa Unguja, yule ambaye Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alimwasi zaidi ya mara moja, alitaka ukumbi wa kupokelea wageni wa heshima. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, Forodhani. Chuma kiliagizwa kutoka ng'ambo: mihimili ya kubeba sakafu, na nguzo ndefu za chuma cha kusubu za kushikilia baraza pana zilizolizunguka jengo. Vyumba vikapanuka. Ndilo lililokuwa la kwanza Unguja kuwaka taa za umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti.

Miaka miwili baadaye, Chicago ilipata Home Insurance Building ya William Le Baron Jenney: ghorofa 10, mita 42. Huko fremu ya chuma ilibeba sehemu kubwa ya uzito. Unguja kuta za mawe ziliendelea kubeba, kwa hiyo anayeliita Beit al-Ajaib ghorofa refu la kwanza duniani anatia chumvi. Lakini la Chicago lilibomolewa mwaka 1931. La Unguja lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika hata saa moja, kisha haohao wakaligeuza ofisi za serikali.

Lakini chumvi ya bahari halikuinusurika. Boriti iliyooza hubadilishwa. Chuma kinacholiwa na kutu ndani ya sakafu hufura na kupasua kilichokizunguka, tena bila kuonekana. Sehemu ya jengo iliporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafa.

Nanyi mnaoinua maghorofa Diani na Msambweni, nondo zenu ziko hatua chache tu na maji: zifunikeni kwa zege la kutosha, na mchanga wa ufuoni msiutie kwenye zege.