Kabla ya kulipa karo ya shahada ya ualimu, toa cheti cha KCSE kabatini

SHULE zinapofungwa Aprili, Agosti na Desemba, kuna walimu wasiojua likizo. Siku chache baada ya kutia sahihi ripoti za wanafunzi, wao hufunga virago na kuelekea vyuo vikuu kuwa wanafunzi. Wengine hulala kwa jamaa, wengine hukodi chumba kimoja watu watatu au wanne. Vipindi huanza asubuhi hadi jioni, na shule zikifunguliwa hurudi kazini wakiwa na kazi za chuo za kuandika usiku, watoto wakishalala.

Mtindo huu si mgeni nchini Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha shahada ya ualimu kwa masafa mnamo 1986 kupitia bewa lake la Kikuyu, na vyuo vingine vikafuata kwa kuwafungulia walimu madarasa wakati wa likizo. Siku hizi kuna wanaosomea mtandaoni pia.

Wengi wanaowafikiriwa hapa ni walimu wa P1 wanaotaka kujiendeleza. Lakini kuna kundi jingine lisilozungumziwa sana. Ni wanaofundisha shule za kibinafsi bila kusajiliwa, makarani wa ofisi, wasaidizi wa maabara, na waliowahi kuingia chuo kikuu wakakatiza masomo kwa kukosa karo au kwa kupata mtoto. Sasa wana miaka thelathini na kitu, wana kazi na familia, na wanataka kumaliza walichoanza.

Kwao shahada si pambo la ukutani. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ya 2012 inakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa. Asiye na nambari ya TSC hana nguvu ya kudai mshahara mzuri, na kila mwaka mpya hujiuliza kama atapata kazi tena.

Hapo ndipo familia nyingi hujikwaa. Mume na mke huketi wakapiga hesabu ya karo, nauli na chumba cha kukodi, kisha wakachukua mkopo wa Sacco. Lakini hakuna anayeuliza cheti cha Kidato cha Nne kinasemaje.

Kwa anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya upili, tume imekuwa ikidai wastani wa C+ katika KCSE, na pia C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Chuo kikuu kina njia zake za kupokea wanafunzi, kwa mfano kupitia diploma. Kupokewa chuoni na kusajiliwa na tume ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kusoma miaka yote, akavaa joho, jamaa wakamjia na maua na keki, kisha ombi lake la usajili likakwama kwa sababu ya C aliyoipata katika Jiografia akiwa na umri wa miaka 18. Afadhali jambo hilo lijulikane kabla ya kuchukua mkopo.

Tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi cheti hicho ni siri. Kuna wanandoa walioishi pamoja miaka kumi, wana akaunti moja ya benki na shamba moja, ila hawajawahi kuonyeshana matokeo ya KCSE. Anayeona haya kumwonyesha mwenzake alama zake huishia kukisia mambo, na kukisia huko hulipiwa na familia nzima.

Wengine cheti chenyewe hawana. Kilibaki shuleni kwa sababu ya malimbikizi ya karo, na ingawa Wizara ya Elimu imeagiza zaidi ya mara moja kwamba vyeti vitolewe, kuna watu ambao hawajawahi kurudi kuuliza. Kwa kina mama kuna shida ya majina pia: cheti cha shule kina jina la baba mzazi, kitambulisho kina jina la mume. Hilo hutatuliwa kwa hati ya kiapo, lakini lataka muda, na si jambo la kuachwa hadi wiki ya kutuma maombi.

Aliyekatiza masomo ana swali jingine la kumpelekea msajili wa chuo: Je, vitengo nilivyofanya vinahesabika? Jibu likiwa ndiyo, huenda amebakisha kidogo kuliko anavyodhani. Na kama alichoanza ni shahada ya sanaa au ya sayansi, si lazima aiache aanze ualimu upya. Anaweza kuimaliza, kisha asome stashahada ya uzamili ya elimu, PGDE, na kuomba usajili kwa njia hiyo. Sharti ni kwamba shahada hiyo iwe na masomo mawili yanayofundishwa shuleni. Aliyesomea Historia na Kiswahili ana pa kushika. Aliyesomea Sosholojia na Sayansi ya Siasa peke yake itabidi aulize vizuri kabla ya kutoa hata shilingi.

Alama zikiwa sawa, mzigo unahamia nyumbani. Karo ya chuo hudaiwa Desemba, na ya watoto Januari. Ya chuo hurudi Aprili, na ya watoto Mei. Anayesoma wakati wa likizo hulipa karo zake zikifuatana na za watoto mwaka mzima, na hakuna mwezi wa kupumua. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, imekuwa na mkopo wa watu walioajiriwa, na inafaa kuulizia huko kabla ya kumaliza akiba yote ya chama.

Kisha kuna hiyo Desemba yenyewe. Ndio mwezi wa kwenda mashambani, wa harusi na wa kuwaona wazee. Mke asipofika kwa wakwe Krismasi mbili mfululizo, maneno huanza, na si yeye anayefaa kuyajibu. Mume ndiye anayefaa kuwaeleza wazazi wake mapema kwamba mama watoto yuko darasani, na kuwa watoto watakuja naye. Wanaume wanaosoma huwa hawaulizwi swali hili, na kila mtu anajua ni kwa nini.

Mazoezi ya kufundisha nayo huchukua muhula mzima. Mwalimu wa shule ya kibinafsi anaweza kuelewana na chuo akayafanya anakofanyia kazi. Karani hana bahati hiyo. Lazima aombe likizo, pengine isiyo na mshahara, na familia iwe imeweka chakula na kodi ya miezi hiyo.

Kwa mwalimu ambaye tayari ameajiriwa na TSC, matarajio ya mshahara yanahitaji kupimwa. Zamani mwalimu wa P1 aliyepata shahada aliweza kupandishwa hadi kundi la kazi K. Tangu mwongozo mpya wa vyeo uanze kutumika 2017, shahada peke yake haimpandishi mtu. Chama cha walimu, KNUT, kilipinga jambo hilo hadi mahakamani. Anayekopa leo akitegemea kulipa kwa nyongeza ya shahada anajitwika deni lisilo na uhakika.

Asiye na nambari, hata hivyo, ana sababu ya kuendelea. Akihitimu ataingia kwenye tovuti ya TSC akiwa na vyeti vyote, hati ya matokeo ya chuo, kitambulisho, PIN ya KRA, fomu ya daktari na cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi. Nambari ikitoka si kazi ya serikali, maana wapo wengi wenye nambari wanaosubiri kuajiriwa. Lakini Januari inayofuata ataingia katika ofisi ya mwenye shule kuzungumzia mshahara akiwa mwalimu aliyesajiliwa, na anaweza pia kupeleka barua yake shule ya jirani.