Mama Anayetaka Kuwashauri Mateja na Walevi

Akina mama wenzetu, kuna swali tunaloulizwa mara kwa mara, na anayeuliza karibu kila mara ni mama ambaye mumewe alikunywa pombe miaka mingi, au mwanawe ameingia kwenye unga. Husema, "Mambo haya nimeyaishi. Je, siwezi kuyafanya kuwa kazi?"

Unaweza, mama. Lakini tukuambie ukweli: kuyaishi peke yake hakutoshi, na wakati mwingine ndiko kunakokwamisha. Mke wa mlevi amezoea mambo mawili, kumfichia na kumfokea. Asubuhi anapeleka habari kazini kwamba baba ana homa. Usiku anamhubiria hadi majogoo. Mshauri hafanyi hata moja. Kijana akimwambia, "Juzi nimevuta tena," hashtuki wala hasemi, "Si nilikuonya?" Anamwuliza alikuwa na nani, fedha ilitoka wapi, siku ile iliamkaje. Kurudia ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu. Tena kuna hatari ambayo wazazi wengi hawaijui: aliyeacha heroini kwa muda, mwili umesahau, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumwua.

Ndiyo maana tunasisitiza masomo. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupata degedege, hata kufa. Mshauri aliyefundishwa humpeleka kwanza hospitali, maongezi yatafuata. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Mgonjwa hufika kila siku, akanywa dozi yake mbele ya mhudumu, na arosto hutulia. Lakini dawa haimwambii atarudije kwa mama aliyemwibia redio. Hapo ndipo mshauri anapohitajika.

Wapi pa kuanzia? Kwa Tanzania, wengi hupitia masomo ya ustawi wa jamii, saikolojia au ushauri nasaha. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama ni mojawapo ya vyuo vya kuulizia. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri na wanasaikolojia, kwa hiyo uliza kwanza kama cheti unachokifuata kinatambuliwa. Wengine huanza kwa kujitolea katika nyumba za upataji nafuu. Zungumza na baba watoto mapema, maana kuna nyumba zinazohitaji mtu wa zamu usiku, na usitegemee utajiri.

Jambo lililo gumu kuliko ada ya chuo ni siri. Ipo siku atakayeingia ofisini mwako ni mwanakwaya mwenzako, pombe ikimnuka saa tatu asubuhi. Jumapili utamsalimu kama wengine, na mumeo nyumbani hatajua. (Sisi wanawake tunasingiziwa midomo, tunawajua wanaume wengi waliotushinda!)

Na kama mwanao mwenyewe bado anavuta, usijaribu kuwa mshauri wake, hata ukiwa na shahada. Mwachie mwenzako wa kazi. Wewe mwekee chakula, funga kabati la fedha, na jioni umwulize kama leo amekwenda kunywa dozi.