Hear na ile -ing inayoogopwa bure

Swali hili limenifikia tena wiki hii, kutoka kwa mtu ambaye jibu alikuwa nalo tayari, alichotaka kwangu ni muhuri tu: "Mwalimu, si ndiyo hear haichukui -ing?" Mkononi alikuwa na barua ya kuomba kazi, na mstari wa mwisho ulisomeka "I look forward to hear from you". Kumbe -ing ilikuwepo, akaifuta mwenyewe kwa kuheshimu kanuni.

Basi kanuni hiyo tuimalize leo. Hufundishwa hivi: see, hear na smell ni vitenzi vya hisi, havikubali -ing, kwisha. Mwanafunzi anakariri, anapata vema yake, anatoka shuleni na nusu ya ukweli anayoishika kama sheria ya nchi. Hakimu anaposikiliza shauri, magazeti ya Kiingereza huandika "the judge is hearing the case", na hakuna mhariri anayekata. Sifa za mfanyakazi mpya zinakufikia kila mara siku hizi? "I've been hearing good things about her." Bibi amewekewa kifaa cha kumsaidia kusikia na sasa hamlazimiki tena kupiga kelele? "She is hearing better now." Daktari wa magonjwa ya akili humuuliza mgonjwa, "Are you hearing voices?" Wote hawa hawajui Kiingereza?

Kilichokatazwa ni kidogo sana. Sauti ikikufikia sasa hivi, sikio likaipokea bila wewe kufanya lolote, husemi "I am hearing you". Unasema "I can hear you", na simu ikikwaruza unauliza "Can you hear me?" Hapo hear ni hali tu. Ikiwa ni kazi ya mtu, kama ya hakimu, au ni jambo linalojirudia, au ni hali inayobadilika, -ing inarudi mahali pake bila kumwomba mtu ruhusa.

Tena hilo kosa la "I am hearing you" chanzo chake ni -na- yetu. Tangu shule ya msingi tumeaminishwa kwamba ninasoma ni "I am reading", basi. Lakini ninasoma gazeti sasa hivi, na ninasoma gazeti kila asubuhi. Kiswahili kimeyaweka mawili hayo chini ya kiambishi kimoja, Kiingereza kimeyatenga. Aliyefundishwa upande mmoja hupachika am kila anapoiona -na-. Kisha anatokea mwalimu wa pili na kumtibu kwa kumnyang'anya -ing yote. Ni dawa ya mganga wa mnadani: inaondoa kikohozi, inaleta upofu.

Na kwenye barua ile, kanuni ya hisi haikuwa na haki hata ya kubisha hodi. "To" ya "look forward to" ni kihusishi, na mbele yake hukaa nomino au kitenzi chenye -ing: "to the interview", "to meeting you", "to hearing from you". Kitenzi kiwe cha hisi, kisiwe cha hisi, ni hivyohivyo.

Mengine nayataja mbiombio. Hear from: mtu mwenyewe amekuandikia au amekupigia. Hear about: umepata habari za jambo. Hear of: unajua tu kwamba kitu kipo, ndiyo maana "I've never heard of him" ni simjui hata kwa jina. Ukitega sikio kwa makusudi tumia listen, na ukitaja unachosikiliza usiisahau to. Heard inatamkwa kama bird, si kama beard. Njaa, baridi na harufu, ambavyo sisi tunavisikia, kwa Kiingereza havipiti sikioni kabisa: "I'm hungry", "I'm cold", "I can smell gas". Mtu akikuambia "I hear you" katikati ya mabishano, amekuelewa. Usishangilie, hajakubali bado. Na wabunge wa Uingereza wanapoitikia "Hear, hear!" hawamwiti mtu aje hapa. Ni hear hiihii ya kusikia, mabaki ya "hear him" ya zamani bungeni humo, kwa hiyo tafadhalini, acheni kuandika "here, here" kwenye makundi ya WhatsApp.