Eka Tatu za Pemba: Mikarafuu, Mirathi na Daftari la Ardhi

Mkarafuu huanza kuzaa miaka sita hadi minane baada ya kupandwa, na huweza kuendelea kuzaa kwa miongo mingi. Kwa hiyo mkulima wa Pemba apandaye mkarafuu huwapandia pia wajukuu wake. Asipokuwa na hakika kwamba shamba litabaki mikononi mwa jamaa zake, ataupanda kwa shaka, au hataupanda kabisa.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali, na mashamba yaliyotaifishwa yakagawiwa wananchi kwa mafungu ya eka tatu. Mpewa shamba alipata haki ya kulitumia, wala si ya kuliuza.

Eka tatu ni karibu mita za eneo 12,140. Tuseme mwenye shamba ameacha warithi wanne wenye mafungu sawa, na kila mmoja wao akaacha wanne. Katika kizazi cha tatu kila mtu atapata karibu mita za eneo 759. Mikarafuu ikipandwa kwa nafasi ya mita 8, hapo pataenea miti isiyozidi kumi na miwili. Zaidi ya hayo, kwa desturi ya visiwani mti waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Basi shamba moja laweza kuzaa madai mawili.

Sheria ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 ilifafanua haki ya matumizi ya ardhi na jinsi inavyorithiwa. Utekelezaji wake wahitaji hatua tatu. Kwanza ni utambuzi: wadai na majirani huonyesha mipaka, na pingamizi husikilizwa. Pili ni upimaji. Tatu ni usajili, yaani kuandika katika daftari rasmi nani ana haki gani, na wapi. Tangu mwaka 2016 picha zilizopigwa na ndege zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba zimeirahisisha hatua ya pili; lakini picha haimtambui mrithi. Hilo hujulikana kwa ushahidi wa watu.

Usajili hauongezi ardhi. Faida yake ni kwamba warithi waweza kuandikwa pamoja katika shamba moja lisilokatwa, fungu la kila mmoja likijulikana. Lakini daftari lisiloandikwa upya kila mwenye haki anapofariki hupitwa na wakati, na ugomvi hurejea pale pale.