Kaseti za Karagwe: Gharama Kubwa ni Mtu

Miradi mingi ya kuhifadhi sauti za zamani huanza kwa kununua kompyuta na diski. Kwa Karagwe na Kyerwa, wilaya za Mkoa wa Kagera, Tanzania, zilizogawanywa mwaka 2012, hesabu hiyo imekaa kichwa chini miguu juu.

Tuchukulie kaseti 200 za saa moja moja: hadithi za wazee, nyimbo za harusi, mpiga enanga, ala ya nyuzi, akisimulia mambo ya watawala wa zamani. Kaseti haiharakishwi. Kuzicheza tu ni saa 200, yaani wiki tano za kazi za mtu mmoja. Kwa ubora mzuri, kila saa hula takriban gigabaiti moja, kwa hiyo zote zinaenea kwenye diski moja ndogo. Sasa anza kunukuu. Saa moja ya mazungumzo ya Runyambo, lugha ya eneo hili, inaweza kumchukua mnukuzi saa kumi na zaidi: kutambua anayesema, kurudisha nyuma palipokwaruza, kuamua tahajia. Hizo ni saa 2,000, karibu mwaka mzima.

Mnukuzi huyo lazima awe anaielewa Runyambo ya wazee. Msingi wa kazi yake upo: Josephat Rugemalira alichapisha msamiati wa Runyambo mwaka 2002 na sarufi yake mwaka 2005. Kijana mwenye vitabu hivyo mezani ana pa kuanzia. Anachokosa ni mkataba. Akiitwa "wa kujitolea" na kupewa nauli tu, msimu wa kahawa ukifika atakwenda shambani, na ana haki. Anaondoka na mambo ambayo hayakuandikwa popote: kaseti ipi inanata, mzee yupi aliruhusu sauti yake isikike hadharani na yupi alikataa.

Kwa hiyo ni heri kupunguza kaseti kuliko kupunguza ujira. Anza na 40. Zitangulie zilizoingia ukungu, pamoja na zile ambazo wasimulizi wake bado wako hai na wanaweza kuulizwa. Nyingine zipewe majina, zikae mahali pakavu, zisubiri, ila zisisubiri sana: tangu 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, wamekuwa wakionya kwamba mashine za kuchezea kanda na vipuri vyake vinatoweka.

Fedha nyingine itengwe kwa miaka ya baada ya mfadhili kuondoka. Diski hufa, zibadilishwe kila baada ya miaka michache, na faili zikaguliwe kila mwaka. Nakala ziwe tatu: moja Kayanga wilayani Karagwe, moja Kyerwa, moja nje ya Kagera.

Halmashauri za wilaya hizi mbili zinaweza kuchangia mshahara wa mnukuzi mmoja. Kabla ya kununua kompyuta nyingine, naziomba zimwajiri mtu huyo.